Meza ya Wagiriki na Sahani za Bati



Baada ya Misa ya asubuhi ya Jumanne iliyopita, mama mmoja wa jumuiya ndogondogo hapa Viwanja Sitini alinisimamisha mlangoni mwa kanisa. Alitaka kujua kwa nini nilisema katika mahubiri kwamba neno "parokia" limetoka kwa Wagiriki. Na je, hao Wagiriki walipata kufika huku kwetu, au ni watu wa kwenye Biblia tu? Nilimjibu kwa maneno machache, kwa kuwa alikuwa na jembe begani na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Wagiriki walifika, na wako wazee wa bonde hili la Kilombero waliokula posho ya Mgiriki katika mashamba ya mkonge enzi za mkoloni. Mmoja wao, ambaye sasa ni marehemu, alinifundisha juu ya meza ya Wagiriki mambo ambayo sikuyakuta vitabuni. Ndiye ninayetaka kumkumbuka juma hili.

Kwanza tulimalize lile neno. Kwa Kigiriki, paroikia ni hali ya mtu akaaye ugenini, jirani na wenyeji lakini asiye mmoja wao. Wakristo wa kwanza walijiona hivyo, na kwa asili yake parokia ni makao ya wageni. Wagiriki wanalo pia neno xenos, lenye maana mbili kwa pamoja: mtu usiyemjua, na mtu uliyemkaribisha nyumbani kwako. Mwingereza anahitaji maneno mawili kwa mambo hayo. Mswahili, sawa na Mgiriki, anatumia moja tu. Anayebisha hodi usiku bila kujulikana ni mgeni, na aliyechinjiwa kuku naye ni mgeni. Tunawatofautisha kwa kuangalia wameketishwa wapi.

Mzee ninayemsema alizaliwa miaka ya 1930 ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, Mpogoro wa baba na mama. Mwaka 1953, akiwa kijana ambaye ndevu bado hazijaota, alijiandikisha kuwa manamba, akapelekwa kwenye shamba moja la mkonge wilayani Kilosa, mali ya Mgiriki. Alikata mkonge kwa majuma machache tu. Mpishi wa nyumba kubwa akaugua, na kijana wetu akaitwa jikoni kumenya viazi. Akakaa katika jiko lile miaka 14.

Hapa sina budi kueleza Wagiriki hao walifikaje Kilosa. Walikuja na reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893, kisha wakaanza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Kazi ya kupasua miamba, kujenga madaraja na kuinua tuta iligawanywa kwa wakandarasi wadogo, na miongoni mwao walikuwamo Wagiriki wengi. Baadhi walikuwa wamejifunza kazi hiyo katika reli za dola ya Waturuki. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nyuma yake wakabaki Wagiriki waliokwisha kuizoea nchi: huyu na duka, yule na nyumba ya wageni, mwingine na shamba la kujaribia bahati.

Wajerumani hawakuwahesabu kuwa Wazungu kamili, na hata Waingereza waliotawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliwatazama kwa jicho la pembeni. Hata hivyo mashamba ya Wajerumani yaliponyang'anywa na kuuzwa kama mali ya adui, Wagiriki walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na miche iliyosalimika safarini kutoka Florida ilikuwa 62 tu (tungesema viwanja sitini na nyongeza ya viwili). Sasa sehemu si haba ya zao hilo ikawa mikononi mwa Wagiriki. Wengine walilima tumbaku Iringa, na wengine kahawa kaskazini.

Tena tusifikiri kwamba walikuwa watu walioshiba tangu kwao. Mwaka 1922 na 1923 zaidi ya Wagiriki milioni moja walifukuzwa katika Asia Ndogo, wakaingia Ugiriki kama wakimbizi na vifurushi vichwani. Majira ya baridi ya mwaka 1941 na 1942, nchi yao ikiwa imetekwa, watu walikufa kwa njaa katika mitaa ya Athens. Makadirio ya kawaida ya waliokufa kwa njaa katika miaka ile ya utekaji ni watu 300,000. Wakimbizi kutoka visiwani waliletwa hadi Kongo na Afrika Mashariki. Mgiriki wa Kilosa alipokata mkate akaubusu kabla ya kuula, jambo ambalo mzee wetu alilishuhudia mara nyingi, alikuwa na sababu zake.

Wala wote hawakuwa wa aina moja. George Arnautoglu, tajiri wa mkonge, alitoa fedha za kujenga ukumbi Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kwa ajili ya Waafrika wa mji ule. Katika ukumbi huo, mwezi Aprili mwaka 1953, Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, ambacho mwaka uliofuata kiligeuka kuwa TANU. Ni mwaka ule ule ambao mzee wetu alianza kumenya viazi.

Sasa tuingie jikoni. Mzee alikuwa msimulizi mwenye kumbukumbu kali, na kumbukumbu zake zilikwenda kwa harufu. Aliniambia kwamba siku ya kwanza alistaajabu kuona mdalasini ukitiwa katika nyama ya kusaga. Kwao mdalasini ulikuwa wa chai, au wa pilau ya Waswahili siku ya Idi. Nyama hiyo ilipangwa tabaka kwa tabaka na makaroni, ikafunikwa kwa uji mzito wa maziwa na unga wa ngano, ikaokwa. Yeye aliiita "makaroni ya tanuri" maisha yake yote, nami baadaye nilijifunza kwamba wenyewe huiita pastitsio. Kulikuwa na kondoo wa limau, supu ya maharage na karoti, na wali uliofungwa ndani ya majani ya kabeji, kwa sababu majani ya mzabibu hayakupatikana Kilosa. Zeituni na mafuta yake vilikuja katika madebe kwa treni.

(Niseme kwa kando kwamba ule uji mweupe wa maziwa si wa kale kama tunavyoweza kudhani. Ulienezwa na mpishi Nikolaos Tselementes, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki mwaka 1958. Alipenda upishi wa Kifaransa, na aliona viungo vingi kuwa ushamba wa Kituruki. Mdalasini ulimshinda kuuondoa. Na nyanya, ambayo Mgiriki leo hawezi kula bila hiyo, ilitoka Amerika kama mahindi yetu ya ugali.)

Jambo lililomchekesha zaidi lilikuwa Pasaka. Yeye alikuwa Mkatoliki, amebatizwa na wamisionari wa upande wa Mahenge. Bwana wake alikuwa Mwortodoksi, ambaye Pasaka yake huhesabiwa kwa kalenda ya zamani, ile iliyotangulia matengenezo ya Papa Gregori ya mwaka 1582. Mwaka 1956 Pasaka yetu ilikuwa tarehe 1 Aprili na yao tarehe 6 Mei. Basi kijana alifunga Kwaresima yake, akala Pasaka yake, kisha akarudi jikoni kupika maharage ya mfungo wa bwana wake kwa majuma mengine matano. Mfungo wao ni mkali: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai, na samaki kwa siku chache sana. Lakini pweza huruhusiwa, kwa hoja kwamba hana damu. Mzee alisema hakuwahi kumwona kasisi wa dini yoyote aliyeweza kumweleza hoja hiyo akaridhika. Mimi pia sikuweza.

Siku ya Pasaka yenyewe, kijana ndiye aliyegeuza mwana-kondoo juu ya moto tangu alfajiri. Wageni walikuja kutoka mashamba ya jirani, wakaimba, wakagonganisha mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, wakala hadi jua kutua.

Na yeye alikula wapi? Nilimwuliza swali hilo bila kufikiri, kama mtu anayeuliza saa. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza habari za sahani za bati. Wafanyakazi wa jikoni walikuwa na sahani zao, zimetobolewa ukingoni, zikitundikwa kwenye misumari nje ya ukuta, karibu na stoo ya mkaa. Hazikuruhusiwa kuoshwa katika karai moja na vyombo vya nyumba. Meza ilipokwisha kuondolewa, kilichobaki ndicho kilichotiwa katika sahani hizo, nao wakala wakiwa wamechuchumaa. "Mimi, Padre, nilikuwa wa kwanza kuonja na wa mwisho kula," alisema. Hakusema kwa uchungu mkubwa. Alisema pia kwamba bwana yule hakumpiga hata siku moja, na kwamba mama wa nyumba alimwuguza alipopata homa ya matumbo. Lakini katika miaka 14 hakuna aliyewahi kumwambia, keti.

Tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na mwaka huo huo serikali ikatwaa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Bwana yule akaondoka na jamaa yake. Wengine walibaki hadi mwaka 1971, majumba ya kupangisha yalipotaifishwa, nao wakafuata. Siku ya kuagana mzee alipewa mashine ya chuma ya kusagia nyama. Akarudi nayo Ifakara, akavuka nayo mto kwenda kuwaonyesha wazazi wake, na mwishowe akajenga hapa Viwanja Sitini. Mara moja alinipikia nyama yake ya mdalasini, si kwa makaroni bali juu ya wali wa Ifakara, na nathubutu kusema kwamba Wagiriki wamepoteza kwa kutokuujua mchele wetu.

Papa Benedikto wa 16 alipotangaza Mwaka wa Mtakatifu Paulo, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, nilipata neema ya kuwa katika kundi dogo la mahujaji waliokwenda Ugiriki kufuata nyayo za Mtume. Wakati huo tulikuwa bado chini ya Jimbo la Mahenge. Jimbo la Ifakara lilizaliwa mwaka 2012. Tuliadhimisha Pasaka nyumbani tarehe 12 Aprili, tukapanda ndege katikati ya juma, na Jumapili ya tarehe 19 tukawa Korintho. Wenyeji wetu ndio kwanza walikuwa wakisherehekea Pasaka yao. Nilimkumbuka mzee pale pale.

Korintho ya kale leo ni kijiji kando ya magofu. Nguzo saba za hekalu la Apolo bado zimesimama, na juu yake uko mlima wenye ngome. Tulionyeshwa jukwaa la mawe ambapo Paulo alisimamishwa mbele ya liwali Galio, aliyetawala huko karibu na mwaka 51. Kisha njaa ikatupeleka katika taverna moja. Sisi hapa tungeiita hoteli, ingawa haina kitanda hata kimoja. Ilikuwa na paa la mzabibu, viti vya kamba, na meza zilizotandikwa karatasi iliyobanwa kwa vibanio ili upepo usiichukue. Divai ililetwa katika jagi la bati na kupimwa kwa kilo, kama vile ni sukari. Mwenye nyumba, mtu mnene mwenye masharubu, hakuwa na orodha ya vyakula. Alitushika mikono akatuingiza jikoni, akafunua sufuria moja baada ya nyingine ili tuchague kwa macho. Akina mama lishe wa stendi ya Ifakara wangemwelewa mara moja.

Ndani ya jiko lile nilimwona mpishi na vijana wawili. Mwenye nyumba alinieleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba mpishi alikuwa Mualbania, aliyevuka mipaka kwa miguu miaka ya 1990 kutafuta kazi. Nikakumbuka misumari nje ya ukuta.

Tulikula kondoo aliyeokwa kwa moto wa kuni, nyanya zilizojazwa wali, jibini ya chumvi, mboga za majani ya porini zilizochemshwa na kutiwa limau, ambazo ungedhani ni mchicha wa kwetu. Mwenye nyumba alipita kila kiti akigonganisha yai lake jekundu na letu na kutangaza kwamba Kristo amefufuka, nasi tukaitikia kama tulivyofundishwa ndani ya basi. Hakuuliza sisi ni Wakatoliki au nini. Waliotengana tangu mwaka 1054 waligonganisha mayai, na la kwangu likapasuka.

Lakini fikira zangu zilikuwa katika ile barua ya kwanza ambayo Paulo aliwaandikia watu wa mji ule, yapata mwaka 54, akiwakemea juu ya karamu yao. Chumba cha kulia cha tajiri wa Kirumi kilikuwa na makochi matatu, watu watatu kila kochi, jumla tisa. Wataalamu wengi wanaona kwamba mwenye nyumba aliwaweka humo rafiki zake, na waliosalia wakakaa uani. Mtumwa na kibarua, ambao hawakuwa na uhuru wa kuondoka kazini mapema, walifika usiku, wakawakuta wenzao wamelewa na chakula kimekwisha. Juu ya karamu hiyo Paulo hakukosoa wimbo wala mavazi yao. Alikosoa mpangilio wa meza, na akasema kwamba kwa mpangilio ule hawali tena karamu ya Bwana. Nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi altareni. Sikuwa nimeisoma nikiwa nimekaa mita mia chache kutoka pale ilipotokea, na harufu ya mdalasini puani.

Na hapo, wapendwa, niliona aibu, kwa sababu nilikumbuka jubilei moja katika parokia niliyoitumikia kabla ya kuja hapa. Tulikuwa na meza kuu chini ya turubai, yenye vitambaa vyeupe, maua ya plastiki, maji ya chupa na sahani za udongo. Mimi nilikaa katikati. Akina mama waliopika pilau tangu saa tisa usiku, macho mekundu kwa moshi, walipakuliwa nyuma ya kanisa baada ya sisi kumaliza, na pilau haikutosha. Walipewa wali mtupu na mchuzi. Mmoja alikuja kunibusu pete ambayo sina, akidhani mimi ni mkubwa kuliko nilivyo, akanishukuru kwa sherehe nzuri. Nilimjibu, karibu sana mama. Hakuna Mgiriki hata mmoja aliyekuwapo pale wa kulaumiwa.

Kundi letu lilimaliza kula karibu saa kumi jioni. Wateja wengine walikwisha kuondoka. Tukiwa tunasubiri dereva, niliona mwenye nyumba akiunganisha meza mbili chini ya mzabibu. Akaita kwa sauti kuelekea jikoni. Mpishi Mualbania akatoka akijifuta mikono, na wale vijana wawili, na bibi mzee aliyevaa nguo nyeusi. Walileta kondoo nusu aliyekuwa amewekwa kando, wala hakuwa makombo. Mwenye nyumba alimmiminia mpishi divai kwanza. Sijui siku nyingine za mwaka walikula vipi. Mimi naeleza ya siku ile.

Niliporudi Viwanja Sitini nilimpelekea mzee rozari ya mbegu za zeituni na pakiti ya zabibu kavu ndogo nyeusi, zile ambazo huko zimepewa jina la Korintho. Alikuwa amekaa barazani, mashine ya kusagia nyama imefungwa kwenye benchi kama siku zote, ingawa meno yake yalikuwa yamekwisha na nyama alikula kwa nadra. Nikamsimulia habari ya hekalu, ya jukwaa la Galio, ya mayai mekundu. Alisikiliza kwa adabu. Nilipofika kwenye ile meza iliyounganishwa chini ya mzabibu, alinyanyua mkono kunizuia.

"Walikula kwenye sahani zipi?" akauliza.

Nikamwambia, zile zile tulizolia sisi.

"Ulizitazama vizuri?"

Nikamwambia nilizitazama, zilikuwa nyeupe, zenye mstari wa bluu ukingoni, na zote zilirudi ndani katika karai moja. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akichagua zabibu mkononi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Kisha akaniuliza kama yule Mualbania alitia mdalasini katika nyama, na kama aliutia mapema pamoja na vitunguu, au mwishoni.